Mistari Sita

Wanafunzi walimwita Bi Istilahi, naye hakulipinga jina hilo, kwa kuwa lilikuwa na ukweli kuliko mengi anayobandikwa mwalimu nyuma ya mgongo wake. Kijitabu cha istilahi za uraia, serikali na sheria alikitunga mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita: kurasa thelathini na mbili, pini mbili katikati, jalada la kijani lililokuwa likigeuka kijivu kabla ya muhula wa pili kwisha. Kilianza na amri na kuishia na wizara. Shule yake ilikitumia, shule za jirani zikakinakili, na watunga mitihani, ambao hawapendi kujisumbua, wakachota humo majibu yao. Ikafika siku Bi Istilahi naye akaacha kufungua kitabu kingine chochote cha sheria. Kila alichohitaji alikuwa amekwisha kukiandika.

Mdogo wake alikuwa seremala. Mtaani walimwita Msumari kwa sababu ya wembamba wake, na vitanda vyake vilijulikana kwa kutolalamika usiku. Alishtakiwa kwa kununua mbao za wizi. Shahidi wa kwanza alisema mbao zilishushwa asubuhi. Wa pili akaapa kuwa ilikuwa jioni, tena mvua ikinyesha. Hakimu aliiona tofauti hiyo, akaitaja katika hukumu yake, akaipita kama mtu anavyopita shimo barabarani, na kutoa miaka mitano.

Msumari alipokuwa akishushwa kizimbani, dada yake alimwahi kwenye kizuizi cha mbao.

"Usitie sahihi karatasi yoyote mpaka nije na nakala ya hukumu. Siku thelathini zinaanzia hapo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada. Mwenye kitabu si ni wewe?"

Nje, mke wa Msumari alimvuta mkono. "Wifi, tusitafute wakili kweli?"

"Wakili atakuja kutusomea nilichokiandika mimi," Bi Istilahi alijibu. Hakuwa akijisifu. Aliamini hivyo, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nakala ilichelewa. Mpiga chapa wa mahakama alikuwa likizo, na mashine yake, kwa heshima, ikawa imepumzika naye. Kila Jumatatu na Alhamisi, akitoka darasani na chaki bado mikononi, Bi Istilahi alisimama kwenye dirisha la masjala. Karani wa pale alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma na kusinzia kwa nidhamu ya hali ya juu. "Bado, Mwalimu," alikuwa akisema, huku amesimama, maana hakuweza kuzungumza naye akiwa amekaa.

Siku ya ishirini na tano nakala ikapatikana. Aliandika sababu saba za rufaa kwa mkono wake, pambizo zimepigwa rula, ya kwanza ikiwa ile ya mashahidi waliogongana. Kesho yake alirudi dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo nimekuja kamili."

Karani alifungua jalada, akalifunga, akalifungua tena. "Na taarifa ya kusudio la kukata rufaa?"

"Taarifa gani?"

"Ile ya siku kumi, Mwalimu. Tangu hukumu isomwe." Akatabasamu kidogo. "Au unanipima, kama zamani?"

"Sikupimi. Siku ni thelathini, tangu kupata nakala."

"Hizo ni za kuleta sababu. Lakini kwanza mfungwa anasema kwamba hakubali, ndani ya siku kumi. Asiposema, hizi siwezi kuzipokea." Tabasamu lilikuwa limekwisha kumtoka. "Kwa kawaida magereza wanazileta wenyewe. Ya kwenu haikuja."

"Na wewe ulijua kwamba haikuja?"

Karani alitazama mihuri yake. "Nilijua. Jumatatu ile ya kwanza ulipokuja zilikuwa zimebaki siku sita. Alhamisi, tatu. Nikajiambia, Mwalimu yupo, atakuwa na njia yake. Ningeanzaje kukufundisha rufaa wewe? Ningeonekana mtovu wa adabu."

Bi Istilahi alichukua karatasi zake. Adabu hiyo alimfundisha yeye mwenyewe.

Nyumbani alitoa kabatini bahasha ya mswada wa kijitabu. Ukurasa wa ishirini na saba, chini ya neno rufaa, palikuwa na sentensi mbili. Ya pili ilieleza taarifa ya kusudio na siku zake kumi, kwa mwandiko wake mwenyewe, safi, bila kosa. Juu yake ulipita mstari mwekundu, nao pia wake. Akakumbuka: kiwanda cha uchapaji kilimwambia kitabu kimezidi mistari sita, ama apunguze, ama iongezwe karatasi nzima ambayo ingebaki karibu tupu. Alipunguza mistari sita mchana mmoja, akinywa chai. Alikuwa anajua. Kisha akajifunza kitabu chake mpaka kilichobaki nje yake kikamtoka kichwani.

Sheria ilikuwa na mlango mmoja zaidi: kuomba kuongezewa muda. Kwa ombi hilo alikula kiapo cha maandishi, akaeleza kosa lote bila kujificha, na penye kazi yake akaandika: mwalimu wa uraia. Jaji alisoma, akavua miwani.

"Angekuwa ameshauriwa na mtu asiyejua kusoma," alisema, "mahakama ingetafakari. Kutojua sheria si sababu. Na kwa huyu, sijui hata kama ni kutojua." Ombi likatupwa. Shauri zima lilichukua dakika sita, na nyuma ya mlango ule hapakuwa na mwingine.

Jumapili alikwenda gerezani. Waliketi pande mbili za wavu, Msumari akiwa mwembamba kupita jina lake. Bi Istilahi alimweleza yote kwa mpangilio, kama somo, kwani hakuwa na namna nyingine ya kueleza mambo.

Msumari alisikiliza mpaka mwisho. "Siku ya pili tu afande alikuja na fomu," akasema. "Akaniambia, 'Weka dole gumba hapa, haikuumi.' Nikamwambia sitii, nasubiri nakala. Dada yangu ndiye aliyeandika kitabu. Selo nzima ikacheka. Mpaka leo wananiita Kitabu."

Msumari akausogelea wavu.

"Kwa nini ulikata hapo?"

"Ukurasa ulijaa."

Alitafakari, akikwaruza ubao wa benchi kwa ukucha, fundi akiangalia kazi mbovu ya fundi mwingine. "Ungekata lingine basi."

"Lipi?"

"Humo kuna seneti. Nililiona nilipokuwa nakukunjia karatasi za kitabu, nikashangaa. Sisi seneti hatuna, dada. Hatujawahi kuwa nayo."

Alicheka, na Bi Istilahi akaona kicheko kile kikifika nusu na kukwama. Msumari akafunika uso kwa mikono yote miwili. Wavu ulikuwa na matundu ya kupitisha kidole kimoja. Alipitisha kimoja, mdogo wake hakukiona, na kengele ikalia.

Jumatatu aliingia darasani na kuwaamuru wanafunzi arobaini na wawili wafungue ukurasa wa ishirini na saba. Wapige mstari juu ya seneti, mistari yote miwili. Kisha akaandika ubaoni sentensi iliyokuwa kwenye mswada, neno kwa neno, ili wainakili pembeni mwa rufaa. Kalamu zikakwaruza. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wakituuliza seneti kwenye mtihani?"

"Mtakosa alama moja."

Akarudi ubaoni kupigia mstari siku kumi. Chaki ilikatika, akaokota kipande kilichobaki, akaupiga tena, mara ya pili na ya tatu.