Ajuza wa Langoni

Mimi nimechoka na gemu, na ndizo zinazonilisha. Kutwa nzima kelele za mpira wa kwenye skrini, mara huyu kakataa kuachia padi ya kuchezea, mara stima imepotea na wote wananikodolea macho utadhani nimeimeza mimi. Lakini hakuna aliyenichosha kama yule ajuza.

Hapa kwenye kibanda changu cha gemu mtaani Mbotela kuna gemu moja tu isiyo ya mpira. Ni ya mapanga, majoka na wachawi, iliyotolewa kwenye vile vitabu vya Ngome ya Chumvi ambavyo wanafunzi walikuwa wakinyang'anyana. Mashine yenyewe kuukuu, haiwezi kuhifadhi safari ya kila mteja, kwa hivyo safari ni ya wote: anayekaa anaendelea pale alipoachia mwenzake. Wesonga wa mjengo anapambana na joka, anaenda zake. Muthama, dereva wa gari la mikate, anakaa na kukuta joka lishakufa. Hakuna aliyelalamika mpaka alipokuja Raho.

Raho anauza mashuka kando ya Jogoo Road. Aliingia buibui limejaa vumbi, akaonyesha picha ya gemu hiyo ukutani, akauliza kama hiyo ndiyo hadithi ya vitabu. Nikamwambia ndiyo, akakaa. Kushika padi alijua? Wapi! Siku za kwanza shujaa wetu alikuwa anatembea akigonga kuta.

Baadaye alinieleza. Binti yake Hibaq alivipenda vile vitabu mno, na siku moja kwa hasira Raho akavitoa kwa muuza bajia avitumie kufungia bajia. Hibaq alizikuta kurasa zake mikononi mwa watu, zinachuruzika mafuta. Sasa yuko ng'ambo, na simu za mamake hapokei.

"Vitabu sina tena," Raho aliniambia. "Nikiifikisha gemu hii mwisho, nitakuwa na neno la kumwambia."

Basi, kule mbele kuna lango, na langoni kuna ajuza mgonjwa. Ukimwacha hapo, lango linafunguka unapita. Ukikataa, unambeba mgongoni kwa njia ya mlimani hadi ngomeni, mbio huna, panga hulinyanyui sawasawa, na maadui hawaishi. Mtu yeyote mwenye akili angemwacha. Raho akambeba. Muda aliolipia ukaisha, akarudi kwa mashuka yake, na Muthama akakaa akakuta mzigo mgongoni.

Alikuja juu kweli. Ameendesha gari tangu alfajiri, amekuja kukata watu mapanga apumzike, si kubeba wagonjwa. Akataka kumtua palepale. Nikamwambia mwenye mashine ni mimi, na atakayemtua huyo bibi atafute kwingine pa kuchezea. Raho nilimwonea huruma, sina maneno mengine.

Muthama akafyonza, akabeba. Wesonga, aliyeshinda akibeba mawe, akaja akakaa, akabeba. Walianguka, wakarudishwa chini ya mlima, wakanitukana mimi. Siku ya mvua wateja hawakuja, nikabeba mwenyewe, nikaanguka mahali pale pale. Kidogo kidogo wakaanza kuachiana maagizo kwangu: mwambie Muthama asipite darajani, mwambie Mama Hibaq ampumzishe kwenye ule moto wa njiani.

Ijumaa baada ya swala Raho alifika juu. Mlango wa ngome ukafunguka, ajuza akashuka mgongoni, akaketi. Hakuna aliyeshangilia. Wesonga alikuwa amesinzia kwenye benchi, saruji imemkaukia mikononi, na Muthama alisimama nyuma ya kiti cha Raho. Raho akamrekodia Hibaq ujumbe wa sauti kwamba bibi wa langoni amefika ngomeni, akautuma, akakaa akiitazama simu. Nilijua akikosa jibu leo hatajaribu tena.

Simu ikalia. Raho akaipokea, akabonyeza spika bila kukusudia, tukasikia wote.

"Hooyo," Hibaq alimwita mamake, "kitabuni yule bibi anaachwa langoni. Nililia wiki nzima. Wewe umemfikishaje?"

Raho akamtazama Wesonga, akamtazama Muthama, akanitazama na mimi.

"Peke yangu nilishindwa," alisema. "Tulimbeba kwa zamu."

Hibaq hakukata simu. Nikapunguza sauti za runinga zote, nikawaambia watu wa mpira wangoje.