Msumeno wa Kupamba Ukuta

Uliusikia. Usikunje uso, uliusikia mngurumo ule asubuhi kutoka kayani, msitu mtakatifu wa wazee wetu, ukaongeza sauti ya redio, ukaendelea kuchovya mkate kwenye chai. Ndivyo ulivyofanya wezi walipokuja kung'oa vigango, nguzo za kuchonga za wazee wako, makaburini: siku hiyo kila mtu alikuwa na kazi shambani. Vitengeni haijawahi kulimwa vizuri kama siku ile. Basi kaa hapo hapo usikie habari za Kavumbi, kwa maana yeye naye alikuwa na kazi, tena kazi anayoipenda, na uso hakugeuza.

Kavumbi ni fundi wa misumeno ya injini, ile tunayoiita pawa, hapo Kibarani mjini Kilifi. Mipya haigusi. "Hiyo plastiki mpelekee mwanao akaogee nayo," humwambia anayemletea. Anayoipenda ni mizee: ile mizito ya chuma iliyoletwa na wakata mbao enzi za baba yake, inayolala stoo imejaa viota vya nyigu. Huiloweka kwa dizeli mpaka kutu iachie, gaskiti za kuziba injini huzikata mwenyewe kutoka boksi la biskuti, na kifaa kinachokosekana hukisaka kutoka Kaloleni hadi Mambrui kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Msumeno mzee wa namna hiyo uliletwa na Dedan. Dedan huyu alianza na bodaboda, akaingia kwenye mbao, na sasa ana pikapu, ana tumbo, ana simu mbili zinazolia kwa pamoja. Watu wote walijua kwamba askari wa msitu wamemnyang'anya misumeno yake, na kwamba wenye maduka wamekatazwa kumuuzia mwingine. Akaja anatabasamu.

"Fundi, huu si wa kazi. Kuna tajiri Malindi anapamba ukuta wa hoteli yake kwa mashine za kale. Ila anataka uwake, wageni wausikie."

"Ukuta unaonguruma?"

"Ndiyo mambo ya matajiri, dada yangu. Wewe ufufue tu."

Kavumbi akaufuta masizi kwa kidole, akaona rangi ya chungwa chini yake, na hapo moyo ukaitangulia akili. Pistoni ilikuwa imekwaruzika vibaya. Akaenda Malindi kwa mzee Msellem, mwenye duka la vipuri vikuukuu nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee Msellem."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa leo?"

"Pistoni."

"Inna lillahi," akasema mzee, na mkono wake umeshaingia chini ya kaunta. Akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na pistoni imeviringishwa kwa kitambaa cha grisi. "Imebaki hii. Nimewanyima watu wenye maneno matamu kukushinda. Nakupa wewe kwa kuwa najua hutaiua."

Msumeno ukawaka. Kavumbi alivuta kamba, ukakohoa, ukanyamaza, akavuta tena, na sauti ikatoka nzito, ya kifua, hata wauza samaki ng'ambo ya barabara wakageuka. Akauzima, akamimina nje mafuta yaliyobaki, akampigia Dedan.

Dedan akaja na mpakiaji wake. Akauzunguka msumeno kama anayekagua ng'ombe. "Safi. Sasa unoe mnyororo, kila jino."

"Wa kutundikwa ukutani unanolewa kwa nini?"

"Wewe nawe! Kazi yako ni tupa, maswali ya nini?"

Mpakiaji akacheka kwenye pikapu. "Ukuta wenyewe mgumu, fundi. Mbambakofi!"

Dedan akamkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mti mkubwa wa mbambakofi uliobaki ni mmoja tu, nao uko kwenye kaya ya kina Kavumbi, upande wa Vitengeni. Wenye majumba ya Malindi wanaulilia kwa milango.

Angekataa? Msumeno si wake, na umeshapona. Kunoa mnyororo hata muuza nyama anaweza. Kavumbi akashika tupa akanoa, taratibu, akiwaza.

Sasa sikia desturi ya fundi huyu. Kila msumeno unaotoka kwake huufungia chupa ya petroli iliyochanganywa na oili, na humhubiria mwenye msumeno mpaka achoke: injini hii haina oili yake, huinywa ndani ya petroli, ukiinywesha petroli tupu pistoni inakauka, inanasa, imekufa. Chupa ilikuwa tayari mezani.

"Petroli ninayo," Dedan akasema. "Usije ukaniuzia yako."

"Ya pikipiki?"

"Petroli ni petroli."

"Umeshasema," Kavumbi akajibu. Akaishusha chupa chini ya meza, akaisukuma kwa mguu. Pistoni ya mzee Msellem ilikuwa kazi safi kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwake, na aliitazama ikipandishwa kwenye pikapu kama anayesindikiza jeneza.

Kesho yake akaenda Vitengeni. Akaukuta msumeno umeng'ata shina la mbambakofi, umezama theluthi, umenasa, moto umeufia ndani. Watu walikuwa wamejaa, mikono nyuma. Mwaro, mwenye duka la pale, akasalimia wa kwanza.

"Tulisikia sauti, fundi. Tukadhani ni kinu cha kusaga mahindi."

"Kinu ndani ya kaya, Mwaro? Mizimu inasaga unga wa sima?"

Dedan akatokea, jasho linamchuruzika. "Umeniua, wewe mwanamke!"

"Nimekuua vipi? Na huo ukuta mbona umeota majani?"

Watu wakacheka, kicheko cha waoga, kile kinachotoka puani. Dedan hakucheka. Akatoa pochi, akaiinua juu. "Sawa. Pistoni nyingine nitaipata hapa hapa. Nani ana mzee kama huu stoo kwake? Mbovu, nzima, nachukua. Kesho napita na gari."

Halafu Mwaro akakohoa. "Wa marehemu baba upo. Lakini ni chuma tu, fundi, usinitazame hivyo. Chuma tu."

"Chuma tu!" Kavumbi akasema. "Na vile vigango vilikuwa kuni tu. Utamuuzia lini nyumba, Mwaro, si ni udongo tu?"

Mwaro akatazama viatu vyake. Hakusema hatauza.

Kavumbi akarudi Kibarani. Kwenye meza yake palikuwa na mzee mwingine wa aina ile ile, wake mwenyewe, aliokuwa akiukusanyia vifaa kidogo kidogo. Akaufungua, akaitoa pistoni, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda kwa nyundo mpaka ikawa vipande. Kisha akachukua nyundo hiyo hiyo, akapanda gari kurudi Vitengeni, akaanza kubisha milango akiomba pistoni za kupondwa.

Hawezi kuimaliza milango yote kabla ya pikapu. Mwaro hajamfungulia. Wako ni wa ngapi? Usingoje abishe. Mti bado umesimama, na anachokikosa Dedan ni kipande cha chuma kilicho stoo kwako, nyuma ya magunia. Zima hiyo redio. Inuka, uuburute huo mzee nje, utoe pistoni uiponde, sasa hivi, kabla honi haijalia mlangoni pako.