Mwenyekiti wa Mfuko wa Mabani

Bwana Nashon alikuwa na tabia moja iliyomtia Eufrazia kichefuchefu: kula asali ofisini. Si kula kistaarabu, la! Alichovya kidole kwenye kopo, akakilamba mpaka kwenye fundo, kisha kidole hichohicho, bado kina mate, akafungulia mafaili. Meneja wa tawi zima la kampuni ya bima, tai shingoni, mtu mzima hovyo. Kabati lao pale mtaa wa Kashaulili, mjini Mpanda, lilijaa sisimizi.

Na asali yenyewe hakununua. Waliileta wakulima wa tumbaku wa Inyonga na Katumba, siku zile walipokuja kukata bima ya mabani. Bani, kwa asiyelijua, ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Unachochea moto wiki nzima, mchana na usiku, na jani moja kavu likidondokea bomba la moto umekwisha. Unabaki na majivu na deni la mbolea.

Kampuni hiyo, Mlinda, ilifungua tawi Mpanda mwaka tisini na saba, na Eufrazia, binti wa mrina asali wa Inyonga, akaajiriwa karani wa hesabu. Yeye ndiye aliyezunguka vijijini kwa pikipiki akiwaandikisha watu. Kule Katumba alimwandikisha mama mmoja mjane, Capitoline, aliyekimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mtoto mgongoni. Mama huyo aliigeuzageuza risiti yake.

"Mwana wanje, mwanangu, hapa naona Mfuko wa Mabani. Mbona kofia yako imeandikwa Mlinda?"

"Mama, ni kitu kimoja," Eufrazia alimjibu huku anacheka. "Mfuko ni jina tu la kwenye karatasi. Bani likiungua, njoo unishike mimi."

Na kweli aliamini alichosema. Misimu miwili ada za wakulima ziliingia kwenye Mfuko, na Mfuko ukazikopesha zote kwa Mlinda, bila riba, bila tarehe ya kurudisha. Hesabu za kwanza zilipofungwa, ziada ya Mfuko iliandikwa faida ya Mlinda. Eufrazia mwenyewe ndiye aliyeiandika, na wakubwa wa Dar es Salaam wakampongeza kwa barua.

Mwezi wa tatu mwaka tisini na tisa upepo ulikuja vibaya. Mabani kumi na manne yaliungua, na la Capitoline likiwamo. Tangu hapo kila Jumatatu alipanda lori la mkaa, akaja kukaa kwenye benchi la ofisi, khanga imefungwa kifuani. Hakuwa anaombaomba. Chama chao cha msingi kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: asiye na bani hapewi mbegu wala mbolea, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi wa tisa. Akikosa orodha hiyo, amekosa mwaka mzima. Ana wajukuu wanne na shamba la kukodi, mwaka mzima wale nini?

"Bado, mama," Eufrazia alimwambia kila Jumatatu.

"Nitangoja. Uliniambia nikushike wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Katikati ya mwezi wa nane ukaja waraka kutoka makao makuu. Bwana Nashon alimsomea kwa sauti ya padri. Mfuko wa Mabani ni chombo kinachojitegemea. Kampuni haina madaraka juu yake. Maslahi ya kampuni katika Mfuko huo ni meza moja na viti viwili, thamani shilingi elfu ishirini. Karani aandike maelezo hayo kwenye hesabu za mwaka, atie saini kabla mkaguzi hajafika.

"Mwaka jana faida yake tuliiandika yetu," Eufrazia alisema. "Kwa mkono wangu huu."

"Mwaka jana ni mwaka jana."

"Kwa hiyo ikileta faida ni yetu, ikileta hasara ni ya jirani?"

"Ni ya kamati, Bi Eufrazia. Mfuko una kamati yake na mwenyekiti wake. Wenye madai wamwone mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni nani?"

Bwana Nashon alilamba kidole, akakinyoosha dirishani. Nje, getini, mzee Kashinje, mlinzi wa ofisi, alikuwa amechuchumaa anachonga mpini wa jembe.

Lo! Eufrazia alidhani anataniwa. Akatazama uso wa yule bwana, akaona hapana, hataniwi. Mate yakamjaa mdomoni, akatoka nje akayatema kwenye mchanga. Kinyaa kilimpanda mpaka puani, na kibaya zaidi hakikuwa cha Nashon peke yake. Nani alikwenda vijijini na kofia? Nani alisema njoo unishike mimi?

"Mzee Kashinje," alimwambia getini, "uliwahi kutia saini karatasi yoyote ya ofisi?"

"Ehee! Za gambuti." Mzee yule Msukuma aliacha kuchonga. "Bosi aliniambia mlinzi atapewa gambuti na koti la mvua, nitie saini. Nikatia. Karatasi nyingine, nikatia. Kitabu kizima, mwanangu, mpaka benki alinipeleka! Nikasema moyoni, kumbe gambuti za kampuni zina mambo namna hii."

"Zilikuja?"

Mzee aliitazama miguu yake, iliyokuwa kwenye makatambuga ya tairi, akacheka. "Misimu miwili ya mvua nazingoja."

Eufrazia alirudi ndani, akafungua kabati, akashusha mafaili ya madai yote kumi na manne. Mafaili ya ada yalikuwa yananata pembeni, yamejaa alama za kidole, sisimizi wanayatembelea. Haya ya madai yalikuwa safi. Faili la Capitoline lilikuwa kama limetoka dukani, halina doa hata moja. Kumbe Nashon hajawahi kulifungua. Miezi mitano mama wa watu anakaa kwenye benchi, na faili lake halijaguswa!

Mkaguzi wa hesabu alishuka kwa treni ya kutoka Tabora siku ya Jumapili. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, Bi Hana, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Jumatatu asubuhi mzee Kashinje alimfungulia geti, akampokea mkoba, akampangusia kiti. Capitoline alikuwa benchini, mahali pake.

Bi Hana alisoma waraka, akauliza swali moja tu. "Nani anauendesha Mfuko huu?"

"Kamati," alisema Bwana Nashon. "Chini ya mwenyekiti wake, Mheshimiwa Kashinje."

"Ningependa kumwona."

"Bahati mbaya amesafiri. Yuko Shinyanga, msibani."

Msibani! Amemzulia na msiba! Eufrazia alishika kalamu kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Mbele yake kulikuwa na yale maelezo, yanangoja saini yake. Akitia, mshahara upo, nyumba ya kupanga ipo, ada ya shule ya mdogo wake ipo. Asipotia, basi. Akageuza shingo, akamwona Capitoline kwenye benchi, mikono mapajani.

Hapo alimkumbuka baba yake. Kule kwao, mizinga inatundikwa msituni popote, kwenye mti wa yeyote. Siku nyuki wakishambulia watu, wazee hawaulizi mti ni wa nani. Wanauliza: nani anarina? Anayerina ndiye mwenye mzinga, na ndiye anayelipa mbuzi wa waliong'atwa. Akiukana mzinga siku ya nyuki, wanafuta alama yake kwa shoka, na asali haigusi tena. Baba yake alikuwa na alama ya mikato mitatu, na hakuwahi kuikana.

Eufrazia aliinuka, akaenda dirishani.

"Mwenyekiti!" aliita. "Mwenyekiti Kashinje! Unahitajika kikaoni."

Mzee aliingia kofia mkononi. Bi Hana alimtazama, akaitazama miguu yake, akamtazama Nashon. Nashon alikuwa amefumba macho.

"Pole na msiba wa Shinyanga," Bi Hana alisema.

"Msiba gani tena?" mzee alishtuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee," Eufrazia alimtuliza. "Keti hapa." Kisha akatoa karatasi aliyoipiga taipu tangu Ijumaa, akamsomea neno kwa neno. Ilikuwa barua ya Mfuko wa Mabani kwenda kampuni ya Mlinda, kudai mkopo wote urudishwe mara moja ili wakulima kumi na wanne walipwe. "Wewe ndiye mwenyekiti. Pesa za wakulima wa Katumba na Inyonga zilikopeshwa kwa jina lako. Unataka zirudi?"

"Za kina mama yule wa kwenye benchi?"

"Ndiyo."

"Si zirudi! Nipe kalamu."

Akatia saini polepole, ulimi nje. Bwana Nashon alianza kutoka jasho.

"Huu ni mchezo wa kitoto," alisema. "Bi Hana, huyu ni mlinzi tu!"

"Basi Mfuko si wake?" Eufrazia alimgeukia. "Chagua, bosi. Kama Mfuko ni wake, kampuni inadaiwa, irudishe. Kama si wake, ni wetu, tulipe. Mimi naona njia zote zinafika benchini pale. Haya, umebaki mhuri."

Kila mtu ofisini alijua mhuri wa Mfuko unakaa wapi: droo ya meneja, chini ya kopo la asali. Eufrazia alinyoosha mkono. Ukimwona mbwa anavyorukia mfupa, ndivyo Nashon alivyoruka. Kopo likapinduka, asali ikamwagikia karatasi, tai na suruali yake, na yeye ameukumbatia mhuri kifuani.

"Huu mhuri ni wangu!" alifoka. "Haupigwi bila ruhusa yangu! Hata senti moja ya Mfuko haitoki humu bila mimi kusema!"

Bi Hana alivua kofia ya kalamu yake.

"Ahsante, Bwana Nashon," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Hilo ndilo nililokuja kuuliza." Akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akaukoleza kwa wino. Kisha akampa Eufrazia yale maelezo ya mwaka, hayajasainiwa. "Andika upya. Mfuko uingie kwenye hesabu za kampuni wote, mali yake na madai yake."

Ungedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Jioni ileile Eufrazia na mzee Kashinje walipewa barua za kufukuzwa kazi, zimepigwa taipu na Nashon mwenyewe, zinanata. Sababu: utovu wa nidhamu. Eufrazia alibeba kikombe chake na picha ya mama yake akaenda zake. Mzee akarudi kwa ng'ombe wa kaka yake, huko Usevya.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tisa Bwana Nashon akabisha hodi kwa Eufrazia, uso umemshuka. Makao makuu wamekubali kulipa. Mkaguzi amekataa kupitisha hesabu hadi walipe. Lakini hati za bima za wakulima zina jina la Mfuko, hundi ni za Mfuko, na zile alizozisaini zamani mzee Kashinje zote zimekwisha. Benki inaitambua saini ya mtu mmoja tu.

"Si umfuate," Eufrazia alisema, hakumkaribisha kiti.

"Nimemfuata. Amenisimamisha zizini mpaka akamaliza kukamua. Kisha akasema ana masharti mawili." Akameza mate. "La kwanza nimelinunua. La pili ni wewe."

Eufrazia alitaka kumfungia mlango. Lakini mwezi ulibakiza siku tisa, na orodha ya chama haina huruma. Akapanda gari, kiti cha nyuma, dirisha wazi.

Walipofika Usevya, mzee Kashinje alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya zizi. Alipokea gambuti, nyeusi, mpya, akazivaa palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Akasimama, akatembea hatua chache huku na huku, akaridhika. Nashon akamwekea kitabu cha hundi magotini, akafungua ukurasa wa kwanza kwa kidole alichokwisha kukilamba.

"Toa mkono wako," mzee alisema.

Nashon akautoa.

Mzee Kashinje alisukuma kigoda cha pili kwa mguu wenye gambuti, akampa Eufrazia kitabu.

"Keti, mwanangu. Safari hii nisomee kwanza, moja moja. Halafu nitatia."

Eufrazia alikaa, akaifuta ile karatasi kwa upindo wa khanga mpaka ikakauka, akaanza kusoma. La kwanza lilikuwa jina la Capitoline.