Ramani ya Kutazama

Halmashauri ya mji, ambayo jina lake tuliache, ilizindua tovuti ya ramani kwa kukata utepe. Utepe wa tovuti unafungwa wapi, tusiulize. Pilau ililiwa, wakubwa wakapigwa picha, na wananchi wakatangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo ramani zote za viwanja na mito ziko wazi. Shaima alipiga makofi kuliko wote, maskini.

Alikuwa na sababu. Mwalimu Linda, aliyemfundisha jiografia sekondari, alikuwa amestaafu na amechoshwa na nyumba za kupanga. Dalali alimwonyesha kiwanja kizuri njia ya Mapinga, karibu na kijito. Mwalimu akamfuata Shaima Bagamoyo, kwenye duka la baba yake la saruji na nondo, maana binti alisomea mambo ya ramani chuoni, ajira ndiyo hakuipata.

"Nitazamie, mwanangu. Kiwanja kimeingia kwenye hifadhi ya mto au hakikuingia?"

"Nipe siku chache, mwalimu."

Shaima akafungua tovuti. Hifadhi ya mto, pale pasiporuhusiwa kujengwa, ilipakwa bluu. Viwanja vilikuwa na namba, lakini ukivuta karibu ili uzisome, picha inageuka ukungu mtupu. Kwa kukisia, kiwanja cha mwalimu kilikuwa ndani ya bluu, au ukingoni mwake. Kupakua hakuna. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na onyo: hairuhusiwi kunakili wala kuchora upya bila kibali cha maandishi.

Akaenda ofisini. Afisa wa ramani, Bwana Medard, akampokea kwa tabasamu.

"Ramani ziko wazi, binti."

"Naomba zile zenyewe, siyo picha, nizilinganishe na viwanja."

"Wazi maana yake utazame. Mlango wa mtu ukiwa wazi, wewe unajiingilia tu bila hodi?"

Hapo alimshika pabaya. Shaima kalelewa na bibi yake, Bi Raya, na kwa Bi Raya hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama viatu vya wenyeji unaviona kizingitini. Basi akaandika barua ya kuomba kibali. Kimya. Akaandika ya pili, akaambiwa faili liko kwa mwanasheria. Akaandika ya tatu.

Kaka yake, Azan, alimcheka. "Ipige picha hiyo skrini, uchore juu yake. Nani atakufunga?"

"Si mali yangu. Na nikikosea namba, nimemharibia mtu biashara."

Maneno ya kistaarabu hayo. Lakini ustaarabu mwingine ni woga uliojifukiza udi. Mwalimu alipopiga simu, alijibiwa, "Bado, mwalimu, nasubiri kibali." Akapiga tena, jibu lile lile. Dalali naye alikuwa na mteja mwingine kutoka Dar, kama madalali wote walivyo na mteja mwingine kutoka Dar. Mwalimu akatoa kiinua mgongo chake, akanunua, akaanza kujenga.

Nyumba ilikwisha ezekwa bati watu wa halmashauri walipokuja na rangi. Wakachora X nyekundu ukutani, na chini yake wakaandika BOMOA. Bwana Medard alikuwepo, kishikwambi mkononi, na ndani yake ramani ile ile, safi, kila namba inasomeka. Mwalimu akamuuliza ramani hiyo ilikuwa imefichwa wapi siku zote.

"Haikufichwa, mama. Iko wazi kwenye tovuti."

Hakusema kwa kejeli. Aliamini alichosema, na hilo ndilo linalotia hasira.

Shaima alipofika, alimkuta mwalimu ameketi juu ya tofali, rangi bado mbichi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Akaanza kujieleza: barua, mwanasheria, namba zisizosomeka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliochelewa.

"Kwa hiyo wewe uliona nini?"

"Niliona bluu, mwalimu. Sikuwa na hakika."

"Lini?"

"Siku ile ile uliyonijia."

Mwalimu Linda akautazama ukuta wake.

"Mimi sikukuomba ramani, Shaima," alisema. "Nilikuomba unitazamie. Ungeniambia umeona bluu."