Hatua Thelathini

Kila kiangazi, kabla nyasi hazijakauka kabisa, sisi wa mlimani tunafyeka kuzunguka nyumba zetu. Sheria tuliiweka wenyewe baada ya moto kula nyumba nne: hatua thelathini kutoka ukutani, kusibaki mti wala kichaka. Na hatua zilikuwa za mume wangu. Miguu yake mirefu kama ngazi, basi wakamwachia apime nyumba zote, mtu asijipendelee.

Mwaka huu hayupo. Amepima seremala, tunayemwita Kisiki. Kimo chake kinajieleza.

Walifika kwangu alasiri, nyumba ya kumi na moja. Mapanga yalishakuwa butu, na wenyewe pia.

"Shemeji, pole," Kisiki alisema, akaegemeza kisigino ukutani na kuanza kuhesabu.

"Vuta miguu, we mwanamume!" Mama Pacha, jirani yangu wa juu, alimpigia kelele. "Hivyo vihatua tutafika lini?"

"Nivute nini? Mungu alinipa hii tu."

Wakacheka kivivu. Thelathini ikaishia kabla kidogo ya kuufikia msonobari wangu.

"Umepona huo," Kisiki akasema, msumeno begani. "Twendeni."

Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza miaka tisa. Mume wangu, aliyekata miti ya wenzake bila kupepesa jicho, akifika kwetu alifupisha hatua. Alijua napenda kumenya viazi chini ya msonobari ule. Akitamka thelathini alinitupia jicho, nami nikainamia viazi vyangu. Hatukuwahi kulizungumza. Nguo zake nimeshagawa. Kilichobaki ni kivuli kile.

Lakini moto hupanda mlima, na juu ya msonobari ni paa la Mama Pacha.

"Ukate," nikasema. "Ulikuwa wa kukatwa miaka yote. Marehemu alifupisha hatua."

Hakuna aliyeshtuka. Mama Pacha alipangusa jasho kwa kanga.

"Tulijua, mwenzangu. Nilikuwa namwona kutoka dirishani."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wangu hajawahi kunifupishia hata maneno."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikashindwa kuendelea.

Msonobari ulianguka upande wa bonde. Uwanja ukajaa harufu ya utomvu, na jua likanipiga usoni pale nilipozoea kukaa.

Kisiki akaketi juu ya gogo. "Na zile nyumba kumi?"

Kote walikopita asubuhi, mstari wa mwaka jana ulikuwa mbele ya hatua zake, na kila mtu aliuona. Ila kazi ikipungua, nani atalalamika?

"Tutarudia," Mama Pacha alisema hatimaye. "Kwangu marehemu alipiga hatua kamili. Tukate kamba ya urefu wa pale, tupimie nyumba zote."

Kesho tunaanza nyumba ya kwanza. Mimi nitashika ncha ya ukutani.