Ng'ambo ya Barabara ya Tanner

Vernell Tisdale alikuwa anakwangua makaroni yaliyogandia kwenye trei ya mwisho wakati msimamizi wa jiko la shule alipomkumbusha kwamba saa alizoomba ruhusa hazilipwi.

"Najua, Bi Crenshaw."

"Nakwambia tu. Usije ukanililia Ijumaa."

"Hapa nimewahi kulilia vitunguu tu."

Akatundika aproni, akapaka mikono mafuta kwa sababu sabuni ya pale inakula ngozi, akatoka. Gari la kanisa lilikuwa nyuma ya shule, karibu na mapipa ya taka: viti kumi na vitano, mlango wa pembeni unaotaka kubembelezwa ndipo ufunguke. Kila uchaguzi ndiye anayeliendesha kupeleka watu kupiga kura. Kabla yake alikuwa mama yake. Katika Kanisa la Mount Gilead hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaijua njia.

Isipokuwa mchungaji, Jumapili iliyopita. Alimuuliza mbele ya waumini, kwa adabu: "Dada Vernell, umehakikisha vituo? Nasikia wabunge wa jimbo kule Atlanta wamechora upya mipaka ya wilaya za Bunge."

Vernell alisimama na kofia yake ya zambarau. "Mchungaji, sisi tunapiga kura kituo cha zimamoto tangu nina miaka kumi na minane. Kadi yangu nimeiona, inasema zimamoto. Ni palepale. Msihangaike."

Watu walisema amina, naye akaketi akijisikia vizuri.

Kadi yenyewe, ya kumjulisha mpiga kura kituo chake, ilikuja wakati wa kiangazi, ndogo kama tangazo la pizza, katikati ya picha za wagombea zinazojaza masanduku ya barua mpaka zinamwagika chini. Watu wengi walitupa vyote pamoja. Vernell aliisoma yake. Haikumpitia akilini kwamba kadi ya jirani wa ng'ambo ya barabara inaweza kusema jambo jingine.

Siku hiyo alikuwa na abiria watatu, wote wa Barabara ya Tanner, wote wa upande wa pili kutoka nyumbani kwake. Bi Ruthanne Peebles alikuwa tayari barazani, amevaa suti ya kijani na lulu za kuigiza, mtungi wa oksijeni kwenye kigari chake. Kaka Alphonso Gaddy, dereva wa malori aliyestaafu, alimwinua yeye na mtungi kwa pamoja, akalalamika juu ya goti. Lakendra Moss aliwachelewesha. Alikuwa bado anamtafutia mtoto wake viatu ili ampeleke kwa bibi yake, na alipanda garini akiwa ameshavaa buti za mpira za kiwanda cha kuku, maana zamu yake ilikuwa jioni.

"Dada Vernell, mbona stika unayo tayari?" Lakendra aliuliza.

Vernell alijigusa kifuani. Stika yenye tunda la pichi, ile wanayopewa waliokwisha kupiga kura, ilikuwa pale tangu asubuhi. "Nilipita kabla ya kazi. Dakika kumi, nikatoka."

"Ya kwangu ataibandika Delphine mwenyewe," Bi Ruthanne alisema.

Delphine Rooks alikuwa nesi wa hospitali ya kaunti mpaka ilipofungwa. Mbunge aliyekuwepo alikuja, akapiga picha mbele ya geti lenye kufuli, akasema anasikitika, akarudi Washington. Baada ya hapo Harold, mume wa Bi Ruthanne, aliugua moyo, akafia njiani ndani ya gari la wagonjwa, wakielekea hospitali ya mbali. Sasa Delphine anagombea kiti cha yule mbunge. Bi Ruthanne hakuwa na habari na uchaguzi mwingine wowote wa mwaka huo. Watoto wake walimwambia apige kura kwa posta, akakataa. Alitaka kuingia kwa miguu yake.

"Endesha basi," Kaka Gaddy alisema. "Ukiendesha hivi hata Harold atatupita."

Bi Ruthanne alicheka mpaka akakohoa.

Foleni kwenye kituo cha zimamoto ilikuwa imezunguka jengo. Wazee hupitishwa mbele, lakini mwisho ni saa kumi na nusu, na saa kumi na nusu ilikuwa imetoka kupita. Msimamizi wa kura pale, Bwana Dwight Hulsey, alilieleza hilo bila kumtazama Bi Ruthanne. Vernell akamletea mama wa watu kiti cha kukunja na chupa ya maji.

"Dada, maji hayo rudisha garini."

"Ni maji tu."

"Ndiyo maana nimesema maji. Anayesubiri kwenye foleni hapewi kitu. Sheria ya jimbo."

"Ana miaka themanini na mmoja."

"Sheria haina umri."

"Ya kupita mbele inao," Kaka Gaddy alisema. Bwana Hulsey akajifanya hakusikia. Vernell alirudisha maji.

Walipofika mezani giza lilikuwa linaingia. Msichana wa mezani aliweka kitambulisho cha Bi Ruthanne kwenye kishikwambi chake, akakunja uso, akakiweka tena.

"Hauko hapa, mama. Kituo chako ni ukumbi wa michezo wa shule ya Harmony Grove."

"Binti, Harmony Grove ni nusu saa. Mimi nakaa hapo Tanner, nyumba ileile niliyoolewa."

"Barabara ya Tanner ndiyo mpaka sasa hivi. Mkono huu wilaya hii, mkono ule wilaya ile."

Akaweka kitambulisho cha Kaka Gaddy, halafu cha Lakendra. Jibu lilikuwa lilelile.

Bwana Hulsey alikuja, mikono nyuma. Kwa kuwa saa kumi na moja imepita, alisema, anaruhusiwa kuwapa karatasi za kura za muda. Waape kwamba hawawezi kufika kituo chao, wajaze kwa kalamu, zifungwe kwenye bahasha mpaka kamati ya uchaguzi ikae izipitie. "Kura ya gavana itahesabiwa. Ya Bunge haitahesabiwa."

Kaka Gaddy aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma juu mpaka chini. "Delphine yuko wapi humu?"

"Hayumo. Hiyo ni ya wilaya hii. Huku wanagombea wengine."

Hapo wote watatu wakamgeukia Vernell. Hawakumtazama kwa hasira. Walimtazama kama mtu anavyomtazama dereva gari likizimika, wakisubiri aseme la kufanya. Asubuhi Vernell alikuwa amebonyeza chama chake tu, bila kusoma majina. Aliibandua stika kifuani, akaikunja kunja mpaka ikawa kidonge.

"Ulisema palepale," Lakendra alisema taratibu.

"Nilisema."

"Na mchungaji alikuuliza."

"Aliniuliza, Lakendra."

Nje gari lilipiga honi. Alikuwa mwenzake Lakendra wa zamu, aliyeahidi kumpitia. Lakendra alitazama mlango, akatazama karatasi. "Kiwandani nina pointi sita za kuchelewa. Ya saba, wananipa begi langu." Akajaza haraka akiwa amesimama, akatia sahihi kwamba hawezi kufika kituo chake, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaondoka na buti zake zikilia sakafuni. Hakuaga.

Kaka Gaddy naye alijaza. "Goti limeshasimama foleni moja. Ya pili halitaki."

Bi Ruthanne hakuigusa kalamu. "Gavana sina shida naye. Nipeleke Harmony Grove."

"Bi Ruthanne, muda..."

"Wanafunga saa moja. Ukiwa kwenye foleni kabla ya saa moja hawakutoi. Hilo nalijua bila kuuliza mtu. Twende."

Vernell aliendesha kama hajawahi kuendesha gari la kanisa. Mlango wa pembeni uligongagonga. Alitaka kusema samahani, lakini kila alipofungua mdomo neno lilikuwa dogo, akaufunga. Nyuma, Kaka Gaddy alijaribu mzaha mmoja juu ya Hulsey na maji, haukupata wa kuucheka.

Kwenye njia ya reli, mbele kidogo ya kiwanda cha kuku, taa nyekundu zilikuwa zinawaka na kizuizi kimeshuka. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kabisa, mabehewa yamefunga barabara pande zote mbili mpaka macho yanapoishia. Hapo husimama hivyo mara kwa mara. Wenye treni hawamwombi mtu radhi.

"Itaondoka," Bi Ruthanne alisema.

Haikuondoka. Vernell aliangalia kwenye kioo, akamwona Kaka Gaddy ameinama, anasoma kipimo cha mtungi wa oksijeni. Aliinua uso, wakakutana macho. Akatikisa kichwa kidogo. Mshale ulikuwa ndani ya sehemu nyekundu. Mtungi wa akiba ulikuwa nyumbani, kwa sababu Vernell aliwaambia safari yote haizidi saa moja.

"Bi Ruthanne, nageuza."

"Ukigeuza usinisemeshe."

"Sawa, mama."

Akageuza. Tairi la nyuma lilipanda ukingo wa nyasi, likashuka kwa kishindo. Njia nzima ilisikika tu ile pumzi ya mtungi, fyu, fyu, na Vernell aliihesabia moyoni kama mama anayesikiliza mtoto mwenye homa.

Sebuleni kwa Bi Ruthanne aliwasha mashine ya oksijeni ya nyumbani, akabadilisha mpira wa kupumulia, akamvua viatu. Kaka Gaddy aliwasha runinga, akaingia jikoni kupasha moto maharage na mkate wa mahindi uliobaki jana.

Ilikuwa imegonga saa moja. Kwenye skrini ilitokea ramani ya Georgia, wilaya zake zimekatwakatwa kama kitambaa cha fundi aliyelewa. Mtangazaji akaitaja wilaya ya Bi Ruthanne, ile mpya. Akasema mbunge aliyekuwepo ameshinda tena, Delphine ameshindwa. Vituo vilikuwa vimefungwa dakika hiyo hiyo, na kule Harmony Grove huenda watu walikuwa bado kwenye foleni. Namna wilaya ilivyochorwa, alisema, haikuwa na mashaka.

Kitu kililegea kifuani mwa Vernell. Basi ingekuwa vilevile. Kura moja, kura tatu, treni au hakuna treni, ingekuwa vilevile. Alishusha pumzi ndefu, na aliposikia pumzi yake mwenyewe aliona aibu kuliko aibu yote ya kutwa nzima.

Bi Ruthanne alikuwa anamtazama.

"Umepumua," alisema.

Vernell aliinama, akavipanga viatu alivyomvua.

"Jumapili utasimama palepale uliposimama. Utawaambia ulikosea, na utawaambia barabara yetu wameipasua katikati. Yote mawili. Lakini hilo la kwamba isingebadilisha kitu, usinipelekee kanisani."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ndilo waliochora wanataka tuambizane."

Kaka Gaddy aliingia na sahani, akatazama mmoja akatazama mwingine, akaziweka mezani. Runinga ilikuwa imehamia wilaya inayofuata; hiyo nayo ilikuwa na mshindi tayari. Vernell aliichukua rimoti ili azime.

"Acha," Bi Ruthanne alisema. "Ongeza sauti."

Akaongeza.