Mishumaa ya Betri

"Huu si mshumaa," mama yangu alisema, akiushika kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu. "Hii ni tochi iliyovaa kanzu."

Akaugeuza, akaona kitufe, akabonyeza. Ukawaka. Akabonyeza tena, ukazimika. Kisha akaniangalia mimi, Liduina, bintiye wa pekee, kwa lile jicho ninalolijua tangu nina meno ya utoto.

"Mama, usinianzie. Govert ndiye aliyeinunua."

"Govert yuko Eindhoven. Uliye hapa ni wewe."

Hapo alinipata. Kaka yangu Govert hutoa amri kwa simu na mimi ndiye ninayezitekeleza. Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi. Mwezi wa Oktoba mama alisahau kitambaa karibu na jiko, kikashika moto, pazia likafuata, na kama nisingepita kumletea mkate, leo ningekuwa nasimulia mengine. Baada ya hapo mimi na Govert tulikata shauri: moto basi. Mwezi wa Januari mama angehamia nyumba ya wazee, chumba cha chini chenye kengele ukutani. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, kama usiku wa mishumaa ungemkuta bado kwake.

Utakukuta, tulimwambia. Hatukumwambia kwamba ungemkuta bila mishumaa.

Usiku huo wa Desemba, hapa mjini Gouda, taa zote za umeme kuzunguka uwanja mkubwa huzimwa, na kila dirisha huwekwa mishumaa, kuanzia jumba la manispaa lililo katikati hadi ghorofa za juu ya maduka. Watu humiminika kwa treni. Husimama kwenye baridi wakinywa mvinyo wa moto na kula biskuti za sirapu, huimba pamoja na kwaya, na meya huwasha ule mti mrefu uliotoka Norwei. Kila mwaka mimi hulalamika. Wageni hukukanyaga vidole bila hata kugeuka, tena hupiga picha kwa mwanga wa simu, kana kwamba giza ni kasoro ya kurekebishwa. Lakini sijakosa hata mwaka mmoja.

Sisi wa uwanjani, kazi yetu usiku huo si kutazama, ni kutazamwa. Mama aliifanya kazi hiyo tangu alipoolewa, kwenye ghorofa iliyo juu ya lililokuwa duka la baba la vifungo na nyuzi. Na alikuwa na jambo lake jingine, ambalo wageni hawakulijua.

Ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo ubavu wa jumba la manispaa hauzibi macho, lipo dirisha la mzee Teunis, aliyekuwa muuza jibini. Mke wake alifariki mwezi wa Desemba, zamani, mimi nikiwa bado shule. Usiku wa mishumaa wa mwaka ule dirisha lake lilikuwa jeusi. Mama alisimama na mshumaa mkononi nyimbo zote zilipokwisha, watu wakatawanyika, baba akamwambia, "Gonda, chakula kinapoa," naye hakusogea. Mwishowe kule ng'ambo kiberiti kikawashwa. Mama akainua mshumaa wake juu, akaushusha. Wa kule ukainuka, ukashuka. Basi akaja kula.

Tangu hapo ikawa ada yao, kila mwaka, baada ya wimbo wa mwisho na kabla taa za umeme hazijarudi. Nje ya hapo wangeweza kukutana sokoni siku ya Alhamisi wakaambiana tu kwamba baridi imezidi. Hajawahi kunywa kahawa kwetu, wala mama kwake. Baba alipofariki, mzee Teunis hakuja kutoa pole. Aliinua mshumaa mara mbili.

"Mpigie simu basi, umwambie mwaka huu ni betri," nilimshauri mama nikiipanga ile mishumaa ya plastiki dirishani.

"Nimwambie nini? Aniamkie? Salamu ya kuombwa si salamu."

Sanduku la viberiti nilikuwa nimelitia mfukoni mwa koti langu tangu nilipofika, na alijua.

Jioni ikaanza. Taa za uwanjani zikazimwa, umati ukaguna kwa furaha, madirisha yakabaki na ule mwanga wa manjano ambao hakuna kitufe kinachouweza. Yetu yaling'aa sawasawa, bila kutikisika. Mama aliketi kwenye kiti cha baba, amevaa blauzi yake nzuri na hereni, kama anayesubiri kuitwa jukwaani. Kwaya iliimba, meya alisema yake, mti ukawaka. Wimbo wa mwisho ukaisha kwa makofi mazito ya mikono iliyovaa glavu.

Mama akasimama. Akachukua mshumaa mmoja wa betri, akauinua, akaushusha.

Kule ng'ambo mishumaa ya mzee Teunis iliwaka vizuri. Kivuli cha mzee kilionekana nyuma ya mishumaa hiyo. Hakikusogea.

Akainua tena.

"Pengine haoni vizuri siku hizi," nilisema.

"Anaona." Akakiweka kile kiplastiki chini taratibu mno. "Ameshajua kwamba naondoka. Mtu anayeondoka wa nini?"

Mama yangu halii. Hakulia hata usiku huo. Ila alivua hereni moja, akaishika mkononi, na moyo wangu ulichomwa kuliko kama angelia. Nikachukua koti nikashuka ngazi bila kumuaga.

Kuvuka uwanja ule ukiwa umejaa ni vita. Nilipita kwa viwiko, nikatukanwa na mwanamke mwenye bakuli la supu ya njegere, nikamrudishia tusi lake. Mzee Teunis alifungua mlango akiwa na sweta na ndara za sufi, akanitazama kama aliyeona mzuka.

"We si mtoto wa Gonda? Umetokea wapi?"

"Nyumbani! Mama anakusalimia kutoka dirishani na wewe umesimama kama gogo. Amekukosea nini?"

"Gonda?" Alishika fremu ya mlango. "Gonda si amehama?"

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Njoo uone."

Akanipandisha juu, akanielekeza dirishani kwake. Sijawahi kuiona nyumba yetu kutoka upande ule. Kulia na kushoto kwetu kila ulimi wa moto ulikuwa ukicheza, ukipungua, ukinyanyuka. Katikati yao madirisha yetu yalikuwa yamekodoa tu. Kweli yalionekana ya watu wengine, au ya ofisi.

"Nimeuona ule mwanga ukipanda na kushuka," mzee alisema. "Nikajiambia, wapangaji wapya hao, au watoto wanachezea vitu vya dukani. Mimi nisalimiane na betri? Nilikuwa hapa namlilia, kama unataka kujua. Ameondoka hata kwaheri hakuna."

"Yupo. Anaondoka Januari."

Alijipangusa pua kwa mkono wa sweta.

Nilirudi mbio. Njiani nilimpigia hesabu Govert na yote atakayosema, na kitambaa cha Oktoba, na pazia, na yote yalikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba nimemnyang'anya mama yangu kitu ambacho hakikuwa changu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nasi tulikuwa tumezima upande mmoja.

Nilimkuta mama kaketi vilevile. Nikatoa viberiti, nikaviweka mapajani pake. Kwenye droo ya chini ya kabati, nilikouficha mwenyewe, nikatoa mshumaa wa nta.

"Alidhani umehama," nilisema, pumzi ikinipaa. "Hajui kusoma betri. Haraka, taa zitarudi."

Njiti ya kwanza ikavunjika mkononi mwake. Ya pili ikawaka ikazimika. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Toa mkono wako, Liduina."

Nikautoa. Njiti ya tatu ikashika, utambi ukashika, na wakati huohuo, ala, taa zote za uwanjani zikarudi. Uwanja mzima ukawa mweupe kama chumba cha daktari. Umati ukaanza kuondoka. Mshumaa wa mama ulionekana mdogo wa kutia huruma, na kule ng'ambo dirisha la Teunis lilimezwa na taa ya duka chini yake. Hata kama alikuwa ameinua chochote, hakuna aliyeweza kukiona.

Mama akauinua wake hivyohivyo. Akaushusha. Nami nikasimama kando nikiwa na hasira na taa, na manispaa, na nafsi yangu.

"Gonda!"

Sauti ilitoka chini. Nikafungua dirisha. Mzee Teunis alikuwa amesimama katikati ya watu wanaokwenda kituoni, na ndara zake za sufi kwenye mawe yaliyolowa, kashika mshumaa ndani ya chupa ya jamu. Watu walimpisha kushoto na kulia.

"Gonda! Nilidhani umeondoka bila kuaga!"

"Naondoka Januari!" mama akapaza sauti. "Ndiyo nakuaga sasa!"

Mzee akainua chupa yake juu kadiri mkono ulivyofika. Mama akainua mshumaa wake nje ya dirisha, kwenye upepo, nta ikamtiririka vidoleni, naye hakuurudisha mkono.

Simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa Govert. Nikaiacha ilie.